Tunatoka Tanga kwenda AFCON 2027, tuna watoto na mzee wa sukari. Tujipange vipi kiusalama?

Mwana Makorora

Habari zenu wakuu. AFCON 2027 inachezwa kwetu, Kenya na Uganda, na hapa mtaani tumeshaanza kuchangishana. Tuko kumi na wawili: watoto wawili wa miaka 9 na 11, mzee mmoja anayechoma insulini, waliobaki ni vijana na akina mama. Tunataka mechi moja uwanja wa Mkapa, Dar, na nyingine Nairobi, tukipitia mpaka wa Horohoro. Habari za vibaka tunazijua. Ninachoomba ni ushauri wa getini, ndani ya uwanja, na mpakani. Nini huwa kinaharibika?

Kaka Geti

Umeuliza penyewe, ndugu yangu. Mikasa mikubwa ya viwanjani hutokea getini na kwenye ngazi za kutokea. Yaoundé, tarehe 24 Januari 2022, uwanja wa Olembe, Kamerun wakicheza na Komoro: watu 8 walikufa kabla hata ya kuingia, kwenye lango lililokuwa limefungwa huku umati ukielekezwa huko huko. Accra, tarehe 9 Mei 2001: polisi walirusha mabomu ya machozi majukwaani, watu wakakimbilia milango iliyofungwa, wakafa zaidi ya 120. Ubaya wake ni kwamba aliye nyuma haoni kama mbele pamefungwa. Anasikia kelele, anadhani watu wanaingia, anazidi kusukuma.

Kwa hiyo nendeni mapema. Muwe getini masaa matatu mazima kabla ya mpira kuanza, kwa sababu msukumano mkubwa huja ile saa ya mwisho, hasa wimbo wa taifa ukianza kusikika ndani. Piteni geti lililoandikwa kwenye tiketi, msifuate wimbi la watu. Mkifika mkakuta geti limefungwa na watu wanaongezeka nyuma yenu, ondokeni hapo hapo kabla hamjabanwa. Kukosa dakika ishirini za mpira si hasara.

Kipimo ni mwili wako. Mabega yakigusana na watu kushoto na kulia lakini bado unachagua pa kukanyaga, anza kutafuta upenyo. Ukiona huwezi kuinua mkono ukajifuta uso, hapo hutembei tena, unatembezwa.

Nesi wa Zamu

Naongezea alipoishia Kaka Geti. Anayekufa kwenye mbanano mara nyingi hakanyagwi. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka, anaishiwa pumzi akiwa amesimama. Kwa hiyo mkibanwa, kazi ya kwanza ni kulinda kifua: kunja mikono mbele yako kama bondia, viwiko vitoke nje kidogo, mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Msipige kelele ovyo, pumzi ndiyo akiba yenu. Wimbi likikusukuma usishindane nalo. Subiri lile lilegee, kwa sababu huwa linakuja na kulegea, kisha sogea hatua mbili tatu kimshazari kuelekea pembeni. Lakini pembeni penye ukuta au uzio hapana, huko ndiko watu wanakogandamizwa. Simu au kiatu kikianguka, kiache. Ukianguka mwenyewe na huwezi kuinuka, lala ubavu, magoti kifuani, mikono ikinge kichwa na shingo.

Watoto wa umri huo hawabebeki kwa muda mrefu. Msimamishe mbele yako, mikono yako imzunguke, mgongo wako upokee msukumo. Kila mtoto awe na mtu mzima wake mmoja anayejulikana tangu Tanga. Mkisema "tutawaangalia wote", hakuna atakayewaangalia. Namba mbili za simu ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mkono wa mtoto, na ya Kenya ianze na +254 au ya kwetu na +255, kwa maana atakayempata anaweza kuwa anapiga kutoka nchi nyingine.

Bomu la machozi likipigwa, msikimbie na umati ngazini. Funikeni pua na mdomo kwa kitambaa, sogeeni upande upepo unakotokea, msifikiche macho. Osheni kwa maji safi mengi.

Mzee: insulini isiachwe kwenye buti la basi wala kwenye dashibodi. Inayotumika sasa isizidi nyuzi joto 30, na isigusane na barafu, ikiganda imeharibika. Aje na barua ya daktari yenye jina la dawa na kuonyesha kwamba anatumia sindano, la sivyo mkaguzi getini ana haki ya kumtilia shaka. Vinywaji vinaweza kuzuiwa, kwa hiyo abebe glukosi ya unga au pipi zenye sukari halisi. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho la baridi, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne, apimwe baada ya dakika 15, na kama haijapanda apewe tena. Asipoweza kumeza, asipewe chochote mdomoni, muite huduma ya kwanza.

Mama Horohoro

Shikamoo kwa wakubwa humu. Mpakani kinachokwamisha watu ni karatasi. Watoto wawe na hati zao wenyewe, na kama mzazi mmoja au wote wawili hawasafiri, kuwe na barua yao ya ridhaa pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kadi ya homa ya manjano chanjeni mapema: inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inadumu maisha yote. Msinunue kadi bila kuchanjwa, tafadhali. Ulizeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, mtaelekezwa.

Mifuko ya rambo iacheni Tanga. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017 na adhabu yake ni kali.

Mkishavuka Lunga Lunga, upande wa Kenya, mkitaka treni ya SGR ya kwenda Nairobi, pitieni barabara ya Dongo Kundu mtokee Miritini. Mnaepuka kivuko cha Likoni na msongamano wake, na kituo cha treni kiko upande huo huo. Na mbebe masweta. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na baridi ya usiku ya katikati ya mwaka mtu wa pwani haizoei upesi.

Mwana Makorora

Mungu awabariki. Tiketi je? Kuna kijana anasema atatupatia zote kumi na mbili kwa bei ya jumla.

Kaka Geti

Achana naye. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, watu wasio na tiketi walivamia uwanja wa Kasarani, Nairobi, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikashusha idadi ya mashabiki hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia na kutaka tiketi za kielektroniki tu. Morocco, kwenye AFCON ya 2025, shabiki alitakiwa kujisajili kwa jina lake kwenye programu rasmi kwanza. Tarajieni masharti ya namna hiyo, kwa hiyo nunueni kwenye mauzo ya CAF yenyewe, na msirushe picha ya tiketi kwenye magrupu. Msimbo ule ukinakiliwa, atakayefika wa kwanza ndiye anayeingia, nyinyi mnabaki nje na watoto.

Filimbi ya mwisho ikipulizwa, kaeni vitini dakika ishirini au thelathini. Pa kukutania pawe mbali na geti, mahali penye jina ambalo hata dereva wa bodaboda analijua, na mpange saa kabisa. Mtandao hujaa watu wakitoka, meseji ya kawaida hupita pale simu inapokataa. Dharura: Tanzania 112, Kenya 999 au 112.

Mwana Makorora

La mwisho. Mzee tumkatie kiti cha wapi?

Nesi wa Zamu

Mwisho wa safu, upande wa ngazi, safu za katikati. Chini kabisa kuna uzio, juu kabisa kuna ngazi nyingi mno za kushuka. Kijana mmoja akae kiti kinachofuata, glukosi iwe mfukoni mwa huyo kijana na nyingine mfukoni mwa mzee.