Tupeane uzoefu: breki au tairi zilipoanza kulia, ulikuta nini?

Mzee wa Spana: Wakuu, jana nimemsindikiza jirani kwa fundi, gari linalia ngwiii kila akigusa breki, nikakumbuka yangu. Nilinunua tairi nne mpya nikidhani za zamani ndizo zinaunguruma. Mngurumo palepale! Ukivuka 60 unapanda, ukikata usukani kulia unazidi, kushoto unatulia. Ilikuwa beringi ya mbele kushoto. Pesa ya tairi imeniuma hadi leo. Wengine mlikuta nini?

Binti Pangani: Kwangu ka-ka-ka-ka nikikata kona ya getini. Raba ya CV jointi, kile kiungo cha ekseli kwenye tairi la mbele, ilipasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia.

Ilala Boma: Hiyo hiyo, dada. Yangu pia.

Mnyalu: Mimi yalinikuta kwenye mteremko mkali wa Kitonga. Tunatoka Iringa na gari langu la Noah, mama mzazi nyuma na wanangu watatu. Wiki mbili breki zililia. Siku ya safari zikanyamaza, nikamshukuru Mungu, nikajua ni vumbi limetoka. Kumbe kile kibati cha kwenye pedi (vile vibao vinavyobana diski ya tairi), kinachogusa diski kukuonya kwamba pedi zimeisha, kilishakatika. Katikati ya mteremko nasikia chuma kinasaga chuma, krrrr, usukani unatetemeka, mara pedali ikazama hadi chini. Pistoni ya kalipa, kile chuma kinachobeba na kubana pedi, ilitoka kupita kiasi, mafuta ya breki yakamwagika. Mbele yangu semi la mbao linatambaa, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Nikashusha gia 2, halafu L, ile ya chini kabisa, injini ikapiga kelele, huku hendibreki naipandisha kidogo kidogo. Tulisimama tumeegemea mwamba. Mama alishuka, akakaa juu ya jiwe, akakataa kupanda tena. Alimalizia safari kwa basi.

Binti Pangani: Mungu mkubwa. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua.

Ilala Boma: Pole sana kaka. Watoto wako salama?

Mnyalu: Wote wazima, namshukuru Mungu.

Chuma cha Pua: Breki zikilia paka grisi kidogo kwenye pedi, kelele inakata.

Mzee wa Spana: Futa hiyo! Grisi ikigusa uso wa pedi huna breki. Inapakwa kwenye pini za kalipa na mgongo wa pedi tu, tena ile inayostahimili joto.

Chuma cha Pua: Mimi nilimaanisha mgongoni.

Mzee wa Spana: Hukuandika mgongoni. Kuna mtu angesoma akaenda kupaka.

Ilala Boma: Piga msasa pedi, zitanyamaza.

Binti Pangani: Msasa wa nini, nunua mpya. Seti nzima, kulia na kushoto.

Mgeni Tanga: Langu linakwaruza asubuhi baada ya mvua tu. Nibadilishe?

Mzee wa Spana: Hapana, ni kutu ya usiku kwenye diski. Ukifunga breki mara chache inatoka. Ikikwaruza hadi jioni, vua tairi utazame. Wakati mwingine ni kokoto tu, imenasa kati ya diski na bati la nyuma yake.

Mgeni Tanga: Nimevua sasa hivi kwa tochi ya simu. Pedi ya nje nene, ya ndani imebaki kama ukucha.

Mzee wa Spana: Pini za kalipa zimegoma. Kesho usiliwashe, panda daladala, fundi akufuate huko huko nyumbani.

Mnyalu: Msikilize mzee, ndugu yangu. Nakuomba.