Mnaotupia data za vihisi kwenye Excel, mnatutesa tunaokuja nyuma yenu

Wakuu, salamu baadaye, leo nimefura.

Nimekabidhiwa data za kina cha mto, kihisi kinapima kila dakika. Mradi ulikuwa na hela ya vihisi, gari na posho. Kufika kwenye kuhifadhi data, eti "tupieni tu kwenye Excel." Tena ile ya kale ya .xls, ambayo karatasi moja inaishia mistari 65,536! Pigeni hesabu: siku moja ina dakika 1,440, kwa hiyo siku 45 na ushee karatasi imejaa. Kilichofuata hakimo, na programu yao haikulalamika. Mwaka 2020 Uingereza iliacha wagonjwa karibu 16,000 wa korona nje ya takwimu kwa kikomo hichohicho. Hamkusikia?

Hata kilichobaki ni vurugu. Kihisi kikikata, mmoja kaandika -9999 kama alama ya data iliyokosekana, mwingine kajaza 0. Sasa hiyo sifuri ni mto umekauka au betri imekufa? Kuna mwezi wastani wa kina unatoka hasi, na umeshaingia kwenye ripoti!

Muda ndiyo usiseme. Kihisi kinaandika UTC (saa ya pamoja ya dunia), kompyuta inaandika saa zetu, tofauti ya saa 3, na hakuna palipoelezwa. Msomaji wa kipimo cha mvua kaandika daftarini "saa 3", maana yake asubuhi. Aliyeingiza kwenye kompyuta kaweka 03:00. Mvua imerudishwa nyuma saa 6, halafu mnaniuliza kwa nini modeli ya kutabiri mafuriko inayawahisha.

Matokeo ya modeli nayo yamo kwenye pickle, faili ambalo lugha ya programu ya Python hutumia kuhifadhi data zake. Maktaba za Python zimebadilika matoleo, matokeo hayafunguki. Pickle ni ya kazi ya leo na kesho jamani, siyo ya kumbukumbu!

Na dawa ni ya bure. Kituoni kwenye kihisi weka SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja: umeme ukikatika katikati ya kuandika, muamala (maandishi ya mkupuo mmoja) usiokamilika unafutwa, ya nyuma yanabaki salama. (HDF5, aina ya faili la data nyingi za kisayansi, ikikatiwa umeme ikiwa wazi, inaweza isifunguke tena.) Ya kutunza miaka, weka kwenye faili la aina ya NetCDF, maana kizio, alama ya data iliyokosekana na muda unahesabiwa kuanzia lini vinaandikwa ndani ya faili lenyewe.

Aliyepanga huu mradi, kama umo humu, jitokeze unijibu: ni mita au sentimita? Safu umeiita "kina" tu, na katikati ya faili namba zinaruka kutoka 1.8 hadi 180.