BTP Uyui: mkufunzi kaniandikia "unafundisha ubao"

Tarajali_Uyui: Wakuu, niko BTP, mazoezi ya kufundisha ya chuo cha ualimu, huku Uyui, Tabora, darasa la tano, watoto 94. Juzi mkufunzi kaja kunikagua bila taarifa. Andalio la somo safi, zana za kufundishia nimechora kwenye mfuko wa salfeti. Mwisho kaandika: "Unafundisha ubao, si wanafunzi." Ni kweli. Nikigeuka nakutana na macho 188, koo linakauka, narudi kuandika. Sauti yenyewe inaishia dawati la tatu. Na chuoni tulikaririshwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, zilizobaki ni sauti na mwili. Sasa nicheze ngoma? Anarudi Jumatatu.

Chaki_Moja: Pole mkuu. Mimi nilikuwa nashika chaki mbili ili mikono isitetemeke. Zikavunjika zote.

Mstaafu wa Urambo: Kijana, hiyo asilimia 7 iache. Ni ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Marekani, 1967. Alikuwa anapima hisia tu, kupenda na kutopenda, na mwenyewe alionya kwamba haihusu kila mazungumzo. Ingekuwa hivyo ungefundisha hesabu za sehemu kwa kupepesa macho.

Ukiandika, simama ubavu, bega moja lielekee watoto. Andika kidogo, geuka, ndipo useme. Usiuambie ubao kitu. Kwa sauti, chagua mtoto wa dawati la mwisho, ongea naye yeye. Mvua ikipiga bati usishindane nayo, waache wanakili. Mwaka wangu wa kwanza nilishindana, sauti ikakauka wiki nzima, nikafundisha kwa ishara. Darasa halijawahi kutulia vile!

Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aligundua walimu husubiri kama sekunde moja tu. Wakifika tatu, majibu ya watoto yanarefuka. Wale wa "mimi ticha, mimi ticha" wasikumalize. Mtafute aliyeinamisha macho. Huku kwetu mtoto hamkodolei mkubwa, ni adabu, usidhani hajui. Msogelee, inama, muulize taratibu.

Tarajali_Uyui: Shikamoo mzee. Leo Jumamosi nimeomba ufunguo wa darasa, nikamkalisha mdogo wangu nyuma kabisa, nikamfundisha robo na nusu. Anasema ananisikia vizuri, ila namnyooshea kidole kama mgambo.

Mstaafu wa Urambo: Marahaba. Fungua kiganja.