Naomba ushauri: rangi ya maji inabanduka kwenye plastiki

Habari zenu wakuu. Naunda modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya zamani, kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), na napaka kwa brashi rangi za akriliki za maji. Nikibandua tepu ya karatasi kwenye mpaka wa kijani na kahawia, rangi inatoka nayo vipande vipande, plastiki ya kijivu inabaki wazi, hasa kwenye ukingo wa bawa. Plastiki niliiosha kwa sabuni ya vyombo, nikapiga mikono miwili miepesi ya rangi, ikalala usiku kucha. Rangi za kuchanganywa na tina (thinner) sitaki, maana napaka ndani ya chumba wanacholala watoto.

Je, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya magari ya kupuliza, nikipulizia nje, itashika au itayeyusha plastiki? Na kwa joto hili la Dar, nichanganye nini rangi isikaukie kwenye ncha ya brashi? Natanguliza shukrani.