MREJESHO: Maswali ya usaili wa programu yaliyonikatisha tamaa

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa pili niliwaomba ushauri: nipo Sakina, Arusha, na maswali ya usaili wa kuandika programu yalikuwa yananitoa jasho hadi nataka kuacha. Asanteni sana wote mliojibu.

Kilichonisaidia ni ule ushauri wa dakika 30: jaribu swali kwa dakika 30, ukikwama, soma jibu, lifunge, kesho yake uliandike upya bila kuchungulia. Mimi naandika kwa kalamu daftarini (umeme wa kwetu mnaujua). Lile swali la kutafuta namba mbili zenye jumla fulani, nilikuwa nalinganisha kila jozi. Orodha ya namba 10,000 ni jozi karibu milioni 50! Sasa kwa kila namba naangalia kama mwenzake wa kufikisha jumla yumo tayari kwenye kamusi ya Python (dict, hifadhi ya lugha hiyo ya programu inayopata kitu haraka); kama hayumo, naiweka namba humo. Napita mara moja tu. Siku lilipoingia kichwani nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Maswali matano kwa siku yalinishinda. Nafanya moja.

Usaili wenyewe: raundi ya kwanza nimepita, ya pili nimeangukia kwenye grafu (vituo vilivyounganishwa kwa njia, si zile za kuchora takwimu). Kazi sijapata. Mkuu uliyesema nieleze kwa sauti huku naandika, nina deni lako la soda. Grafu nimeanza juzi.