Simu mkononi mwa dereva kati ya Ahero na Kisumu: tuanzie wapi?

KatibuAhero

Hamjambo wadau. Kamati ya usalama barabarani hapa Ahero inataka kupunguza matumizi ya simu kwa madereva na waendesha boda kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Wahusika ni sacco moja (chama cha wenye magari) ya matatu za abiria 14 zinazopitia Rabuor na Nyamasaria, steji mbili za boda, na wazazi wanaopeleka watoto shule kwa magari yao. Mapendekezo yaliyo mezani ni mabango, semina ya siku moja, na faini ya shilingi 1,000 kwa dereva wa sacco atakayepatikana na simu sikioni. Bajeti yote ni shilingi 20,000.

Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Pesa ziende wapi kwanza? Dereva anayeongea kwa bluetooth tumhesabu amekosa? Na baada ya miezi mitatu tutajuaje kama hali imebadilika?

MkufunziKondele

Katibu, kabla ya bango jiulizeni ni nani anapiga hiyo simu. Dereva wa matatu hajipigii. Mwenye gari anataka kujua hesabu ya siku, yaani pesa ambazo dereva humletea kila siku, imefika wapi, steji ya Kisumu inauliza amekaribia au bado, mtu aliyetuma mzigo anauliza umeshushwa wapi. Wote hao wana namba moja tu, ya dereva. Mkimfunza yeye peke yake na mwenye gari aendelee kumpigia akiwa katikati ya safari, atapokea, maana asipopokea kazi yake iko hatarini.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha wenye magari na watu wa steji, kabla ya madereva. Hakihitaji hoteli. Kubalianeni kwamba kila gari lina namba moja ya kazini na inakaa na kondakta. Mwenye gari aifute ya dereva kwenye orodha ya namba anazopiga mchana. Anayetaka kuongea na dereva mwenyewe amwambie kondakta, naye dereva atapiga gari likishafika steji na kuzimwa.

Kwenye semina msipoteze saa nzima mkionyesha picha za ajali. Watu huogopa siku mbili, kisha hurudia. Chukueni kamba ya katani ya mita 10, pimeni mita 111 kwenye kiwanja cha shule na mkite kijiti kila mwisho. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa matatu kisheria, linasafiri mita 22 kwa sekunde. Sekunde tano za kufungua ujumbe, kuusoma na kujibu "sawa" ni zile mita 111. Dereva azitembee kutoka kijiti hadi kijiti, na mwenzake asimame katikati mahali ambapo mtoto angevuka. Halafu mwambieni kwamba hata dereva aliye macho kabisa, kwa mwendo huo kwenye lami kavu, huhitaji karibu mita 70 kusimama: mita 33 zinapita kabla mguu haujafika kwenye breki, zinazobaki ni za breki yenyewe. Mvua ikinyesha au tairi zikiwa zimekwisha, ongezeni.

Bluetooth: ndiyo, mhesabuni amekosa. Simu inachukua macho, inachukua mkono, na inachukua akili. Bluetooth inarudisha mkono na sehemu ya macho, akili inabaki kwenye maongezi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika hakuleti nafuu kubwa. Mtu atasema kuongea na abiria ni sawa tu na hayo. Si sawa. Abiria anaiona barabara. Lori likitokea mbele ananyamaza mwenyewe. Aliye kwenye simu hajui lori liko wapi, anaendelea kuuliza.

Jambo moja ambalo madereva wengi hawalijui. Utafiti wa AAA, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya dereva kutoa amri za sauti kwenye simu au kwenye mtambo wa gari, akili yake inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu. Kwa hiyo yule anayesoma simu kwenye msongamano wa Nyamasaria kisha anaiweka chini foleni ikisonga, bado hajarudi. Ameshika usukani tu.

KaraniWaSacco_Nakuru

Naunga mkono habari ya namba ya kondakta. Ongezeni malipo. Nauli ikilipwa kwa M-Pesa kwenye simu ya dereva, kila abiria anayeshuka anasema "nimetuma, angalia". Hapo dereva anaangalia simu mara kumi na nne kwa safari moja. Ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya kondakta, na namba ya till (ya kulipia M-Pesa) ibandikwe nyuma ya kiti cha dereva ambapo abiria wote wanaiona, ili asiulizwe namba akiendesha.

Kuhusu faini ya 1,000, mimi ningeiacha. Sheria tayari ina faini yake: Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zinaweka shilingi 2,000 kwa kutumia simu gari likiwa mwendoni. Yenu itakuwa ya pili, na dereva anayelipwa kwa hesabu ya siku ataitafuta hiyo elfu moja kwa kukimbia. Mmetoa simu, mmeingiza mwendo.

Kinachouma bila kuchukua pesa mfukoni ni zamu. Gari linatolewa kwenye foleni ya kupakia. Uzuri wake ni kwamba mwenye gari naye anapoteza, kwa hiyo anaacha kupiga. Lakini lazima iandikwe kwenye kanuni za sacco na ipitishwe kwenye mkutano mkuu, la sivyo dereva wa kwanza atakayenyimwa zamu ataenda kulalamika, na atakuwa na haki.

MkufunziKondele

Karani, hapo kwenye zamu nina tahadhari moja. Ukimnyima zamu ya saa nne asubuhi, atatumia mchana mzima kulifidia pengo, tena kwa mwendo ule ule unaouogopa. Mnyimeni zamu ya mwisho ya siku, na hesabu ya siku hiyo ipunguzwe kwa kiasi cha safari iliyokosekana.

KaraniWaSacco_Nakuru

Kweli. Zamu ya mwisho, na hesabu ishuke. Mwenye gari asipokubali kushusha hesabu, adhabu imegeuka ya dereva peke yake na tumerudi tulipoanzia.

MwenyekitiSteji_Mukumu

Mmeandika ya matatu, boda ni habari nyingine. Boda hana kondakta. Simu yake ndiyo ofisi, na ukimwambia aizime utakuwa umemfungia kazi. Kwa hiyo sheria ya steji iwe fupi: simama, toka kwenye lami, ndipo uongee. Kutoka kwenye lami maana yake magurudumu yote mawili yawe kwenye murram, ule udongo wa kando ya barabara. Ukiegesha juu ya mstari wa njano, lori linalokwepa shimo litakupata hapo hapo.

Mkosoeni sana yule anayechomeka simu ndani ya helmeti. Anadhani ana mikono miwili huru, kumbe amefanya mabaya matatu kwa pamoja. Simu inaisukuma helmeti upande, kwa hiyo mkanda wa kidevu haukazi na helmeti itatoka akianguka. Sikio la upande huo limezibwa, honi ya basi haliisikii. Na simu ikianza kuteleza, mkono unaondoka kwenye usukani bila yeye kupanga. Anayeishika mkononi naye huishika kwa kushoto, maana kulia kuna mafuta na breki ya mbele. Mkono wa kushoto ukiwa juu, hana klachi, na shimo la kwanza litauzungusha usukani.

Wekeni pia utaratibu wa malipo: abiria analipa kabla ya pikipiki kuwashwa au baada ya kuzimwa, katikati hakuna. Kwa wale wa kupeleka vifurushi, maelezo ya mahali yasikilizwe yote steji, alama mbili tatu zikaririwe (kanisa, posho mill, lango la buluu), kisha simu iende mfukoni. Kile kishikizo cha simu kwenye usukani kinamvuta mtu kuangalia chini. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde tatu za kuangalia chini ni mita 42.

Shilingi zenu 20,000 zikibaki, nunueni jaketi za kuakisi mwanga zenye maandishi mgongoni: NIKIENDESHA SIPOKEI. Mteja anayaona kila siku, na ndiye anayepaswa kuzoea kusubiri.

KatibuAhero

Asanteni sana, mmenibadilishia ajenda yote. Mabango tunayaacha. Sasa abiria je? Wengi wanaogopa kumwambia dereva. Na bado sijapata jibu la kupima.

MwalimuWaHesabu_Rabuor

Katibu, kuhesabu ni rahisi na hakuna gharama zaidi ya kalamu. Watu wazima wawili, mmoja anatazama, mwingine anaandika. Simameni ng'ambo ya mtaro, si ukingoni mwa lami. Gawanyeni ukurasa mara nne: matatu, boda, gari binafsi, lori. Kila chombo kinachopita kipate alama moja: ameshika simu, hajashika, au hakuonekana. Hiyo ya tatu ni muhimu, kwa sababu vioo vyeusi vitawafanya mkisie, na mkikisia takwimu zimekufa. Msiandike namba za magari. Madereva wakijua mnawaandika watawakwepa, na imani ya steji itaisha.

Hesabuni vyombo 200 kabla ya kuanza chochote, na 200 baada ya miezi mitatu: siku ile ile ya wiki, saa ile ile, mahali pale pale. Siku ya soko isilinganishwe na siku ya kawaida. Pia chagueni sehemu mbili, moja penye matuta na nyingine mahali magari yanakimbia. Kwenye matuta na msongamano watu hushika simu zaidi kwa sababu wanajiona wako salama. Mkichanganya mahali hapo pawili mtapata jibu la uongo.

Msifurahi haraka. Mkipata 20 kati ya 200 wameshika simu, hiyo ni asilimia 10, lakini kwa idadi hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 6 na 14. Ikishuka hadi asilimia 9, msiite mabadiliko. Ikishuka hadi asilimia 3 au 4, hapo mna la kuwaambia watu.

Abiria wasianze na dereva. Wamwambie kondakta, kwa sauti ya kawaida: "Kondakta, tafadhali mwambie dereva amalize simu kando." Abiria wa pili aseme, "Ni kweli." Sauti mbili zinatosha. Wakimpigia kelele dereva, atageuza kichwa kujibu, na sasa ana usumbufu mbili badala ya moja. Wakipuuzwa, wapige namba ya sacco iliyobandikwa ndani wakishashuka, wataje namba ya gari, saa na mahali. Sacco isipolifuatilia lalamiko la kwanza, la pili halitaletwa.

Na wazazi mmewasahau. Gari lisimame upande wa shule, mtoto ashukie mlango wa kushoto ili asivuke lami. Mzazi asiguse simu mpaka mtoto aingie langoni. Wengi husoma ujumbe hapo kisha wakarudi nyuma bila kutazama watoto wengine walio nyuma ya gari.

KatibuAhero

Mwalimu, kamati ilitaka pia kuweka matuta yetu mbele ya shule kwa mchanga na saruji.

MkufunziKondele

Hapana, Katibu. Barabara hiyo kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Andikeni barua kupitia chifu na mwalimu mkuu, muambatanishe zile karatasi za hesabu. Tuta lisilo na alama wala rangi, usiku, linamwangusha mwenye boda kabla halijampunguza mwendo mwenye lori.

KaraniWaSacco_Nakuru

Swali dogo ambalo litakuja siku ya kwanza: kondakta akishuka kuita abiria na simu ya kazini ilie kitini, nani anapokea? Hakuna. Andikeni hivyo hivyo kwenye kanuni.