Tupeane uzoefu: "x" ya aljebra ilikuingia lini akilini?

Mleta mada
Wakuu, jana mwanangu kaniuliza, "x ni ngapi?" Nikamwambia inategemea swali. Akanijia juu: "Lakini juzi ulisema ni 7!" Nilicheka, kisha nikakumbuka kuwa na mimi nilikwama hapohapo. Miaka miwili nilikuwa nahamisha namba tu: ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha inageuka toa. Jibu napata, ninachokitafuta sikijui. Nyie wenzangu ilikuwaje?

Chaki
Aliyenitoa tongotongo ni mwalimu aliyefuta x ubaoni akaandika "nanihii". Nanihii ukiizidisha kwa 3, ukaongeza 4, unapata 19. Darasa zima likaangua kicheko. Lakini si ndivyo tunavyosema kila siku? "Nipe ile nanihii", yaani unakijua unachokitaka, jina tu ndilo halijaja mdomoni. Tukaanza kurudi kinyumenyume: kabla ya kuongezwa 4 ilikuwa 15, kabla ya kuzidishwa ilikuwa 5. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwanahisabati Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, naye alikiita kisichojulikana "kitu" tu, shay kwa Kiarabu, na milinganyo yake aliiandika kwa maneno matupu. Hizi x, y na z zilishika baada ya Mfaransa Descartes, naye mwanahisabati, kuzitumia mwaka 1637. Kumbe mwalimu wetu hakuwa anatania.

Rula
Mimi naambiwa x ni 4, 3x ni ngapi, naandika 34. Hakuna aliyenidokeza kuwa hapo katikati kuna alama ya kuzidisha imemezwa.

Kifutio
Ya 34 tuko wengi, mkuu. Yangu ilikuwa 3x − x. Nikajibu 3, maana x nimeitoa, si imebaki 3? Dada yangu hakubishana. Akasema chagua namba yoyote, hiyo ndiyo x. Nikachagua 5. Kumi na tano toa tano? 10. Nikachagua 8. Ishirini na nne toa nane? 16. Kila nikijaribu inatoka mara mbili ya niliyoichagua, na ile 3 yangu haitokei. Nikanywea. Hadi leo nikitilia shaka jibu, napachika namba kwanza.

Mleta mada
Kifutio, hiyo naiiba leo jioni.

Penseli
Chaki, nanihii yako nina wasiwasi nayo. Mtoto atadhani herufi ni kitu chenyewe. Mimi niliamini k ni kalamu na v ni vitabu. Swali likasema vitabu ni mara 3 ya kalamu, nikaandika 3v = k bila hata kufikiri. Sasa weka kalamu 2 na vitabu 6 uone: 18 = 2! k ni IDADI ya kalamu, kwa hiyo ni v = 3k.

Chaki
Hapo umenipata. Nanihii iwe namba, basi.

Daftari
Mimi ni swali la umri. Mama ana umri mara 3 ya mwanawe, baada ya miaka 12 atakuwa mara 2. Nilibahatisha weee: 5 na 15, 10 na 30. Nilipoandika 3x + 12 = 2(x + 12), ikatoka 12. Nikahakiki: 36 na 12, halafu 48 na 24. Nikamkimbilia mama na daftari mkononi. Akalisoma, akauliza huyo mama wa miaka 36 ni nani.